Waimbieni Wangali Wanasikia

Somo: 1 Samweli 16:14-23

Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulitaja: zile siku za mwisho za mgonjwa ambaye madaktari wamesema hatapona, na wimbo unaoimbwa kando ya kitanda chake.

Kwetu hapa Kenya kuimba wakati wa kifo si jambo geni. Mtu akifa, jua halijatua waimbaji wamefika. Kuna nyimbo za usiku wa matanga, nyimbo penye chumba cha maiti, nyimbo ndani ya gari njia nzima hadi nyumbani, kwaya ya akina mama, kwaya ya vijana, na vipaza sauti vinavyosikika ng'ambo ya mto. Hatulaumu jambo hilo. Waliofiwa hufarijika, na sisi tumefarijiwa hivyo hivyo. Lakini hebu tujiulize: majuma mawili kabla ya siku hiyo, mtu huyo huyo alipokuwa amelala wodini akitazama dari, ni nani aliyemwimbia hata ubeti mmoja? Mara nyingi hakuna. Aliyeacha kusikia twamwimbia usiku kucha, na yule ambaye bado asikia twamwachia mlio wa sahani na magurudumu ya toroli.

Jambo hili la kumwimbia mtu angali hai kitandani lina historia ndefu kuliko tunavyodhani. Tuifuate kidogo.

Somo letu la leo lamwonyesha kijana Daudi akipiga kinubi mbele ya mfalme Sauli, na mfalme akapata nafuu. Sauli hakuwa mtu wa kufa siku ile, lakini angalieni jinsi mambo yalivyofanyika. Watumishi hawakumletea mfalme kundi la waimbaji. Walimtafuta mtu mmoja anayejua kazi yake, akaketi karibu, akapiga kwa mkono wake. Mambo hayo matatu, mtu mmoja au wachache, karibu, na kwa mkono wenyewe, tutayakuta tena na tena hata tufike zamani zetu hizi.

Tuende sasa Afrika ya kaskazini. Monika, mama yake Augustino, alikuwa mtu wa Thagaste, mji uliokuwa katika nchi iitwayo sasa Aljeria. Mwaka 387 alikuwa njiani kurudi nyumbani pamoja na mwanawe, wakawa wanangoja meli katika bandari ya Ostia karibu na Roma. Hapo akashikwa na homa, na siku ya tisa akafa, akiwa katika mwaka wa 56 wa umri wake. Augustino mwenyewe ameandika kwamba mama alipokwisha kukata roho mjukuu alilia kwa sauti, wakamnyamazisha. Ndipo rafiki yao Evodio akakitwaa kitabu cha Zaburi akaanza kuimba, na nyumba nzima ikamwitikia. Ni habari nzuri sana, na ni ya Mwafrika mwenzetu. Lakini mwaona? Wimbo ulianza baada ya pumzi ya mwisho. Watu wa nyumba ile walifanya kama sisi tufanyavyo.

Zaidi ya miaka mia tatu baadaye, huko Jarrow kaskazini mwa Uingereza, alikufa mwalimu mmoja mtawa aitwaye Beda. Ilikuwa mwaka 735, wakati wa sikukuu ya Kupaa. Mwanafunzi wake Cuthbert aliandika barua akieleza siku zile za mwisho. Mzee alikuwa na taabu ya pumzi tangu kabla ya Pasaka, lakini kila siku alifundisha, na usiku alipokosa usingizi aliimba Zaburi. Wanafunzi wakasoma na kulia, wakalia na kusoma. Alikuwa akiitafsiri Injili ya Yohana katika lugha ya watu wake, na siku ya mwisho kijana aliyekuwa akimwandikia akamwambia kwamba imebaki sentensi moja tu. Ikamalizwa. Basi mzee akaomba aketishwe sakafuni akielekea mahali alipozoea kuomba, akaimba sifa za Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, akafa. Huyu alijiimbia mwenyewe, na wenzake wakawa pamoja naye.

Lakini si kila mtu hupewa kufa akiwa na sauti. Wengi hufa koo limekauka na ulimi mzito. Yafaa basi wengine wawaimbie. Waliolipangia jambo hilo utaratibu kamili ni watawa wa Cluny, katika nchi ya Ufaransa. Nyumba yao ilianzishwa mwaka 910, na kabla ya kwisha karne ya kumi na moja desturi zao ziliandikwa kitabuni, hata sisi twaweza kujua walifanya nini hatua kwa hatua. Sisi Waprotestanti tunayo mengi ya kutokubaliana na watawa wa zamani zile. Hata hivyo jambo hili tulisikilize.

Ndugu alipougua ugonjwa wa kufa alipelekwa nyumba ya wagonjwa. Ndugu wote walikwenda kumbusu, mmoja mmoja, kumuaga. Tangu hapo hakuachwa peke yake, mchana wala usiku, na msalaba uliwekwa mbele ya uso wake. Walikuwako watumishi waliozoea kazi hiyo, waliozijua dalili za mauti. Walipoona saa imekaribia walitandika gunia chini, wakanyunyiza majivu juu yake, wakamlaza hapo. Kisha mmoja alikwenda kugonga ubao kwa nguvu mlangoni. Watawa wote waliposikia ubao ule waliacha kazi waliyokuwa nayo wakaja mbio. Kwa kawaida mtawa hakuruhusiwa kukimbia, ilihesabiwa ni utovu wa adabu. Kwa ubao huu walikimbia, na huku wakikimbia waliimba Kanuni ya Imani, hata mgonjwa aweze kuisikia ikija kutoka mbali, ikakaribia, ikaingia chumbani. Wakamzunguka, wakaendelea na maombi na Zaburi. Tena walikuwa watu wenye akili za kawaida: kifo kikikawia, wengi walirudi kazini, wakabaki wachache wa kuendelea.

Sisi twaona uzuri mkubwa katika mbio zile. Hebu fikirini kijiji ambacho watu hukimbia kwenda kwa anayekufa, si kwa aliyekufa.

Sasa twafika kwa mtu ambaye habari zake zinatugusa kwa namna nyingine. Fransisko wa Assisi, Mwitalia, aliugua macho na mwili kwa muda mrefu kabla ya kufa kwake mwaka 1226. Wenzake walioandika habari zake wanasimulia kwamba alipokuwa akitibiwa katika mji wa Rieti alimwita ndugu mmoja ambaye zamani, kabla ya kuingia utawa, alijua kupiga zeze. Akamwomba aazime zeze kwa siri, ampigie kidogo, maana mwili wake ulikuwa na maumivu mengi. Yule ndugu akakataa. Aliona haya. Alisema watu watadhani ameyarudia mambo yake ya ujana. Fransisko hakubishana naye. Wanasimulia pia kwamba usiku uliofuata mgonjwa alisikia zeze tamu likipigwa nje ya dirisha, wala hakuonekana mtu. Kila mmoja na aipokee habari ya usiku ule kama awezavyo. Sisi twabaki na yule ndugu mwenye haya, kwa sababu twamjua. Yumo katika kila kanisa letu. Ana sauti nzuri, ana gita nyumbani, amekwenda hospitali kumtazama mzee, naye ameketi kimya juu ya ile benchi akiuliza habari za chakula.

Fransisko alipokaribia kabisa mwisho, akiwa katika nyumba ya askofu mjini Assisi, aliwaomba ndugu wamwimbie mchana na usiku ule wimbo alioutunga mwenyewe wa kumsifu Mungu kwa ajili ya viumbe vyake. Ndipo Elia, aliyekuwa mkubwa wa ndugu wale, akaingia na wasiwasi. Nje walikuwako walinzi wa mji, nao walisikia yote. Elia akamweleza Fransisko kwamba watu wa mji wamheshimu kama mtakatifu, na mtakatifu anayekaribia kufa angepaswa kuonekana akifikiri juu ya kifo, si kuimba. Kwa maneno mengine, watu watasemaje? Fransisko akajibu kwamba kifo amekifikiria kwa miaka mingi, na sasa aachwe afurahi katika Bwana wake. Wakaendelea kuimba.

Hiyo "watu watasemaje" ndiyo inayotufunga hata leo, ila kwetu imevaa nguo nyingine. Nyumba nyingi humficha mgonjwa habari ya ugonjwa wake. Kila aingiaye wodini lazima aseme, "Utapona tu, wiki ijayo uko nyumbani." Sasa wakija watu kuimba polepole kando ya kitanda, jamaa huogopa mgonjwa ataelewa. Wengine husema wazi kwamba kumwimbia mtu hivyo ni kumzika kabla ya siku zake. Hofu hiyo haifai kudharauliwa, na mgonjwa mwenyewe akisema mbona mnaniimbia kana kwamba nimekufa, basi waimbaji wanyamaze. Lakini mara nyingi mgonjwa amekwisha kujua kabla ya wote. Anayelindwa na uongo ule ni sisi wageni, tusije tukakosa la kusema.

Nasi Waprotestanti tusijifanye kwamba mambo haya ni ya watawa tu. John Wesley, aliyeanzisha jamii za Wamethodisti, alikufa London tarehe 2 Machi 1791, mzee wa miaka 87. Siku moja kabla ya kufa, alipokuwa dhaifu hata rafiki zake walidhani hawezi neno, aliwashangaza kwa kuimba wimbo wa Isaac Watts wa kumsifu Muumba. Usiku ule alijaribu tena, ikawa aweza maneno ya kwanza tu, akayarudia. Miaka mia moja baadaye, mwaka 1891, kasisi wa Kanglikana wa Westminster Abbey, Frederick Kill Harford, aliunda chama cha waimbaji na wapiga ala wa kwenda katika hospitali za London. Akakiita kwa jina la Mtakatifu Cecilia. Kanuni yake ilikuwa sauti ya chini, muziki laini, usiomshtua mgonjwa. Alitamani hata simu, ambayo ilikuwa kitu kipya siku zile, itumike kupeleka muziki kutoka chumba kimoja hadi wodi nyingi. Chama hakikudumu. Wazo lilikuwa limekuja kabla ya wakati wake, na fedha hazikutosha.

Baada ya hapo, katika nchi za Ulaya na Marekani, kifo kilihamia hospitalini. Dawa ziliongezeka, mashine ziliongezeka, na mgonjwa ambaye mashine haikuweza kumponya aliwekwa chumba cha pembeni. Daktari alipita mlango wake haraka kidogo. Ndipo akainuka mwanamke Mwingereza, Cicely Saunders. Alikuwa muuguzi, kisha mfanyakazi wa huduma za jamii, kisha akasoma udaktari kwa ajili ya kazi hii moja. Mwaka 1948 alikuwa akimtembelea mgonjwa mmoja Myahudi kutoka Poland, David Tasma, aliyekuwa akifa kwa saratani mjini London, mbali na watu wake. Wakazungumza juu ya nyumba ambayo watu kama yeye wangeweza kufia kwa amani. Tasma alipokufa alimwachia pauni 500, akitaka awe dirisha katika nyumba hiyo. Ikamchukua Saunders miaka 19. Mwaka 1967 hospisi ya St Christopher's ikafunguliwa kusini mashariki mwa London, na dirisha lile lipo.

Saunders alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa yana pande nyingi: mwili, moyo, jamaa zake, na roho yake mbele ya Mungu. Lakini alianza na mwili. Aliwapa wagonjwa mofini kwa saa zake, kabla maumivu hayajarudi, hata mgonjwa asiwe mtumwa wa kuomba. Hapa twataka kusema kwa nguvu kidogo. Kumwimbia mtu anayelia kwa maumivu, wakati dawa ya kuyatuliza ipo na hakuna aliyeshughulika kuitafuta, ni ukatili uliovaa joho la kwaya. Dawa kwanza. Hapa kwetu Nairobi Hospice ilifunguliwa mwaka 1990, katika eneo la Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, na tangu hapo hospisi nyingine zimefuata katika miji mingine. Wauguzi wa huduma hii wajua kutuliza maumivu. Mwenye mgonjwa wa namna hiyo na awaendee mapema, asingoje juma la mwisho.

Mwaka 1973 daktari mpasuaji wa Kanada, Balfour Mount, alikwenda London kujifunza kwa Saunders. Aliporudi Montreal alianzisha wodi ya namna hiyo ndani ya Hospitali ya Royal Victoria, mwaka 1975. Huko alifanya kazi mwanamuziki aliyesomea kutuliza wagonjwa kwa muziki, Susan Munro, na mwaka 1978 hao wawili wakaandika makala katika jarida la madaktari wa Kanada juu ya muziki kwa wagonjwa wasiopona. Baadaye, mwaka 1984, Munro akatoa kitabu kizima. Njia yake ilikuwa kumwuliza mgonjwa. Wewe wapenda nini? Uliimba nini ulipokuwa kijana? Ni wimbo gani uliimbwa siku ya arusi yako? Wimbo wa zamani hufungua mlango wa mambo ya zamani. Mtu aliyekuwa amegeukia ukuta aanza kusimulia. Mume na mke ambao wameshindwa kusemezana juu ya kuagana wanaimba pamoja, na kuagana kunakuwa kumeanza.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, Marekani, njia nyingine ilikuwa imezaliwa, kinyume cha hiyo. Msichana mmoja, Therese Schroeder-Sheker, alikuwa mwanafunzi wa muziki naye alifanya kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba moja ya wagonjwa huko Denver. Amesimulia mwenyewe jinsi alivyoingia chumba cha mzee aliyekuwa akifa kwa ugonjwa wa mapafu. Matibabu yote yalikuwa yamefika mwisho, na mzee alikuwa akitapatapa kwa hofu, apumua kwa shida. Msichana akafunga mlango, akapanda kitandani nyuma yake, akamkumbatia kutoka mgongoni hata kifua chake kikawa sambamba na mgongo wa mzee, akaanza kumwimbia polepole nyimbo za kale za kanisa, akimyumbisha kidogo kama mtoto. Mzee akatulia. Pumzi zao zikaenda pamoja. Akafa mikononi mwake, naye akaendelea kumshika kwa muda.

Kutokana na usiku ule alijenga kazi ya maisha yake. Alijifunza kinubi, akasoma habari za wale watawa wa Cluny, na mwaka 1992 kazi yake ikahamia hospitali ya St. Patrick katika mji wa Missoula, jimbo la Montana. Palikuwa na shule hapo ya kufundisha wapiga vinubi wa kuwahudumia wanaokufa, hata mwaka 2002. Wapiga vinubi wale, mara nyingi wawili, huketi huku na huku ya kitanda na kutazama kifua cha mgonjwa. Hawapigi kwa mwendo uliopangwa. Pumzi ndiyo inayowaongoza: ikienda mbio wanaanza nayo hapo ilipo, kisha wanapunguza polepole, ikisimama wanasimama. Wala hawachagui nyimbo anazozijua mgonjwa. Wasema kwamba wimbo unaojulikana humrudisha mtu nyuma, humkamata kwa kumbukumbu za arusi na watoto na shamba, na mtu anayejaribu kuondoka ahitaji kuachiliwa.

Basi nani asema kweli, yule wa Montreal au yule wa Missoula? Tumelifikiri jambo hili sana. Kwa maoni yetu, wote wawili wamesema kweli, lakini juu ya siku mbalimbali. Mgonjwa ambaye bado yu pamoja nasi, anazungumza, anakunywa uji, huyo apewe wimbo wake, tena katika lugha aliyojifunzia kuomba. Wazee wengi walioko hospitali za mijini wameletwa na watoto wao kutoka mbali. Mnaweza kuwaimbia Tenzi za Rohoni kwa Kiswahili safi, wakatikisa kichwa kwa adabu tu. Ule ule wimbo ukiimbwa kwa Kikamba, au Kiluhya, au Kimeru, utaona mkono umeanza kupiga mwendo juu ya blanketi. Lakini saa zile za mwisho kabisa, macho yakiwa hayatazami mtu, pengine maneno ni mengi mno. Hapo sauti bila maneno, kama ile ya mama anayebembeleza mtoto, yaweza kufaa kuliko beti zote sita.

Tena tusiuongezee muziki sifa zisizo zake. Daudi yule yule, kwa kinubi kile kile, alimpigia Sauli siku nyingine, na Sauli akamrushia mkuki. Mwaka 2010 watafiti wawili, Joke Bradt na Cheryl Dileo, walikusanya majaribio ya kisayansi yaliyofanywa juu ya tiba ya muziki kwa watu wanaokaribia kufa. Walipata matano tu yaliyotimiza kanuni zao, yenye washiriki 175 kwa jumla. Wakaona kwamba huenda muziki unaiboresha hali ya maisha ya mgonjwa katika siku zake hizo, lakini kwa habari ya maumivu na wasiwasi ushahidi haukutosha. Hilo ni jibu la unyofu, nasi twalipokea. Kinachojulikana zaidi ni juu ya kusikia. Mwaka 2020 watafiti wa Vancouver, Kanada, walipima ubongo wa wagonjwa wa hospisi, wengine wakiwa katika saa zao za mwisho na hawaitikii neno lolote. Waliwasikilizisha milio iliyopangwa, ikibadilika hapa na pale. Kwa baadhi ya wagonjwa wale ubongo uliitikia mabadiliko hayo kama ubongo wa kijana mwenye afya. Haikuweza kujulikana kama walielewa walichosikia. Lakini sikio lilikuwa bado mlangoni.

Kwa hiyo jamaa na waache ile tabia ya kugawana shamba kwa maneno juu ya kitanda cha mtu, wakidhani amekwisha kwenda.

Mwaka 2000 huko El Cerrito, California, mwanamke aitwaye Kate Munger alianzisha kwaya ya watu wa kuwaimbia walio katika kizingiti cha mauti. Miaka kumi kabla yake alikuwa ameketi na rafiki aliyekuwa akifa, hakujua la kufanya, akaanza kumwimbia wimbo mmoja, akaurudia kwa zaidi ya saa mbili. Kwaya hizo sasa ni nyingi, nazo hazina mali: hakuna kinubi, hakuna shule ya miaka miwili. Huenda watu wawili, watatu au wanne, wakaketi, wakaimba kwa sauti ndogo nyimbo fupi. Twawatajia hawa kwa sababu kinubi hatuna, na gita si kila mtu anajua. Sauti tunazo. Kama kuna kitu ambacho makanisa ya Kenya hayana upungufu nacho, ni watu wanaoweza kuimba sauti nne bila karatasi.

Lakini sauti zetu zimefundishwa kujaza uwanja. Kwa kazi hii itabidi zifundishwe upya, hata mgonjwa wa kitanda cha tatu aseme hakusikia. Ngoma ibaki kanisani. Sare za kwaya zibaki nyumbani, zisije zikamtisha mtu. Muuguzi wa zamu aombwe ruhusa kwanza, maana yeye ndiye ajuaye ni nani amepata usingizi saa hii baada ya usiku mzima. Na mgonjwa aulizwe, hata kama ataweza kujibu kwa kope tu. Wako wasiotaka, na kukataa ni haki yao. Katika kitanda cha jirani pengine amelala Mwislamu, au mtu asiye na dini. Naye asalimiwe, aulizwe kama sauti zitamsumbua. Hatujasikia wengi wakikataa. Mara nyingine jirani ndiye anayeuliza mtarudi lini.

Jambo jingine ni mahubiri. Mtu amelala, pumzi ni ya kuhesabu, nasi twaanza hotuba ya nusu saa pamoja na matangazo ya idara ya wanawake. Daudi hakuhubiri mbele ya Sauli. Alipiga kinubi, mfalme akapata nafuu.

Basi waziri wa kwaya akitaka kulianza jambo hili katika parokia yake, asianze na kwaya nzima. Na awatafute watu watatu: mmoja mwenye sauti ya juu iliyo nyororo, mmoja wa kumshika kwa sauti ya chini, na wa tatu ambaye pengine hajui kuimba kabisa, wa kushika mkono wa mgonjwa na kukitazama kifua, awape ishara wenzake wapunguze mwendo, au wanyamaze. Kisha waandike zamu, Jumanne fulani na fulani, Alhamisi fulani na fulani, na simu ya yule atakayeitwa usiku wa manane, kama wale wa Cluny walivyoitwa kwa ubao.